Kawekwa chuma pajani, siku ya tatu ruhusa: je, anafukuzwa?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anafukuzwa wodini kwa kupewa ruhusa siku ya tatu tu baada ya kuwekwa chuma pajani, wakati mzee wenu zamani alilazwa miezi miwili kwa mfupa huohuo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, nakujibu kwa niliyoyaona.

Mzee alifungwa jiwe. Mguu unavutwa kwa kamba na uzito, mtu kalala chali wiki sita na zaidi mpaka mfupa ushike. Nilipoanza kazi wodi ya wanaume ilijaa hao, ajali za bodaboda tupu, na ndugu wamelala chini kwenye mikeka. Kilichotutesa wala si mfupa: ni vidonda vya makalioni, damu kuganda mguuni, nimonia kwa wazee. Chuma cha ndani ya mfupa, kama kile cha SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa 1999, ambacho daktari anaweza kukiweka hata thieta isiyo na mashine ya eksirei, kinaushika mfupa papo hapo. Kesho yake mtu wa mazoezi anamsimamisha. Akishasimama, anachobakiza wodini ni kuokota maambukizi ya wenzake.

Siku zinazopotea kweli ni za kusubiri: damu haijapatikana, thieta imechukuliwa na dharura za uzazi, chuma hakijalipiwa. Na Ijumaa sasa! Ruhusa inaandikwa saa tisa alasiri, karani wa bima keshaondoka, mtu mzima na afya yake analala mpaka Jumatatu huku bili inapanda. Hizo ndizo za kukata.

Ila si kila mtu wa kutoka haraka. Mfupa uliotoboa ngozi unataka kusafishwa, pengine zaidi ya mara moja. Na anayetolewa eti kitanda kinahitajika, huyo kafukuzwa kweli. Nimeshabishana na madaktari kwa hilo na nitabishana tena.

Kwa mdogo wako uliza: homa hana? Maumivu yanatulia kwa vidonge, bila sindano? Kidonda kikavu? Anakwenda chooni na magongo na kurudi bila kushikiliwa? Halafu, choo cha kwenu kikoje? Hili wengi hawaulizwi. Kama ni cha shimo, kuchuchumaa hataweza kwa sasa, tafuteni kiti cha plastiki mkitoboe katikati kabla hajafika. (Kuchuchumaa ni mtihani wa baadaye: madaktari wa SIGN humpiga mgonjwa picha akiwa amechuchumaa, waone kama mfupa umeunga na goti linakunja.)

Ondokeni na dawa mkononi, tarehe ya kutoa nyuzi na namba ya simu ya wodi. Kigimbi kikivimba na kuuma, pumzi ikikata, homa ikipanda au kidonda kikitoa usaha, msingoje siku ya kliniki. Rudini usiku huohuo.