Herufi za watu wa milimani
Mkuu umeuliza ufanyeje runi (herufi za kuchonga) za watu wako wa milimani kwenye gemu yako zisiwe ABC iliyobadilishwa sura tu, mi naona anza na wanachoandikia. Runi za kweli za Ulaya kaskazini zinakwepa mistari ya kulala sababu zilichongwa sana kwenye mbao na mstari ukifuata nyuzi za mti unapotea, sa wako kama wanachonga mawe kwa patasi wanaogopa nini? Afu usilazimishe herufi 26, futhark ya zamani (alfabeti ya runi) ilikuwa na 24 ikaja kushuka mpaka 16, yani herufi moja inabeba sauti kadhaa. Na kila runi ina jina, ya kwanza fehu, ng'ombe au mali, we yako iite chumvi kama ndo wanayopigania kwenye gemu.