Uliza Ujibiwe: Baiti 68,992 zimetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza mwenyewe kuandika programu za kamera. Nimechukua data ghafi ya kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, jinsi ilivyokaa kwenye memori, kabla haijageuzwa kuwa picha ya kawaida. Kihisi kina pikseli 3,280 kwa 2,464, kila moja biti 10. Kwa hesabu yangu faili lilipaswa kuwa na baiti 10,102,400, lakini lina 10,171,392. Nikadhani zile 68,992 za ziada ni kichwa cha faili, yaani maelezo yanayotangulia data yenyewe, nikazikata mwanzoni. Nilikuwa nimepiga picha ya nguzo moja nyembamba, imesimama wima kutoka juu ya picha hadi chini. Nilichokipata ni mistari kama 17 iliyolala karibu kabisa, na chengachenga tupu. Kihisi kimeharibika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kihisi chako ni kizima, na hesabu yako ya pikseli haina kosa. Ila umekata kabla ya kugawanya. Chukua hizo 68,992, gawanya kwa mistari 2,464. Unapata 28 kamili, bila baki. Kichwa cha faili hakina sababu ya kugawanyika sawasawa namna hiyo. Baiti hizo hazikuwa mwanzoni mwa faili. Kila mstari una zake 28 mkiani.

Zimefikaje huko? Mstari wako una pikseli 3,280 za biti 10, yaani baiti 4,100. Lakini kifaa kinachomwaga data kwenye memori hakiandiki baiti mojamoja, huandika kwa mafungu. Katika vifaa vingi kila mstari lazima uanze kwenye anwani inayogawanyika kwa 32, na 4,100 haigawanyiki kwa 32. Namba ya kwanza mbele yake inayogawanyika ni 4,128. Basi mstari unajaziwa baiti 28 zisizo na picha, ndipo unaofuata uanze. Zidisha 4,128 kwa 2,464 uone kama hupati ukubwa wa faili lako.

Na ile mistari 17 ndiyo iliyonifurahisha zaidi katika barua yako, kwa sababu ulihesabu. Programu yako iliruka baiti 4,100 wakati mstari halisi unaanza baada ya 4,128. Kila ukishuka mstari mmoja, nguzo inasogea kulia baiti 28, ambazo ni kama pikseli 22. Ikifika ukingoni inaanza tena kushoto. Mpaka chini ya picha imesogea karibu baiti 68,992, na hizo ukizigawa kwa 4,100 ni karibu 17. Nguzo yako imezunguka picha mara 17.

Chengachenga zina sababu yake. Biti 10 haziingii ndani ya baiti moja yenye biti 8, kwa hiyo pikseli 4 hufungashwa ndani ya baiti 5. Tuseme thamani zake ni 702, 401, 698 na 399. Gawanya kila moja kwa 4. 702 inatoa 175 baki 2. 401 inatoa 100 baki 1. 698 inatoa 174 baki 2. 399 inatoa 99 baki 3. Baiti 4 za kwanza hubeba 175, 100, 174, 99. Mabaki yote manne hukaa pamoja kwenye baiti ya tano: 2, kujumlisha 1 mara 4, 2 mara 16, na 3 mara 64, jumla 230. Sasa ukiteleza kwa baiti 28, ambayo haigawanyiki kwa 5, ile 230 unaisoma kana kwamba ni mwanga wa pikseli, na mwanga halisi unausoma kama mabaki. Ndizo chenga zako.

Niliwahi kupoteza siku mbili nzima kwa tatizo hilihili, nikibadilisha nyaya na kihisi, kwa sababu sikuwa nimeuliza urefu wa mstari ndani ya memori. Tangu hapo ndilo swali langu la kwanza, hata kabla ya kuuliza ni biti ngapi.

Ukishairekebisha, usishtuke ukiona vidoa kama ubao wa drafti. Pikseli moja haioni rangi tatu. Juu yake kuna kichungi kimoja tu, kwa mpango wa Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976: katika kila pikseli 4 za mraba, 2 ni za kijani, 1 nyekundu, 1 bluu. Ndiyo maana katika mfano wangu namba zinapishana, kubwa kwa ndogo. Rangi kamili hukisiwa baadaye kutoka kwa majirani, na ukikata hata mstari mmoja juu, mpangilio wa rangi unageuka.

Kabla ya kurudi kwenye nguzo, rudisha baiti ulizokata, kisha ziba lenzi kabisa upige picha ya giza. Usitegemee kuona sifuri. Vihisi vingi vya biti 10 huweka giza kwenye 64, kwa sababu mtikisiko wa umeme hupanda na kushuka, na giza likiwekwa 0 ule unaoshuka chini utapotea, vivuli vitoke na mwanga usio wao. 64 ukiigawa kwa 4 ni 16. Chapisha baiti za mstari wa kwanza kwa mafungu ya 5: utaona 16, 16, 15, 16 na mwenzao wa tano anayerukaruka, kisha 15, 16, 16, 17 na mwingine, hadi baiti ya 4,100. Hapo mtindo huo utakatika ghafla. Hesabu zinazobaki mpaka uanze tena.