Fundi Anajibu: Petroli Inadondoka Kwenye Viungo vya Gari la Zamani

Shikamoo fundi. Ford Model T ya 1923 tunayoifufua inadondosha petroli kwenye nati iliyo chini ya tangi. Nimezungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu, bado inadondoka.

Marahaba. Toa tepu yote, hadi uzi wa mwisho. Kazi ya nati hiyo ni kubana tu. Kinachozuia petroli ni kifungashio laini kilicho ndani yake, kinachokumbatia bomba. Ukiivisha nati tepu, petroli inaendelea kupita palepale, na vipande vya tepu vinakatika vikasafiri hadi kwenye kabureta. Badilisha kifungashio, kisha pitisha ukucha kwenye bomba mahali linaposhikwa: mkwaruzo mdogo tu unatosha kuvujisha. Wala usikaze kwa nguvu zote. Model T haina pampu, tangi liko chini ya kiti na petroli inateremka yenyewe. Presha yake haifiki hata moja ya thelathini ya upepo wa tairi.

Babu yangu aliendesha malori. Anasema zamani walipaka sabuni ya mche kwenye viungo vya petroli. Ni kweli?

Kweli kabisa, na umpe salamu zangu. Petroli huyeyusha grisi na lami, lakini sabuni haiiwezi. Shelaki, ile vanishi ya maseremala, ilipendwa kwa sababu hiyohiyo: inayeyuka kwa spiriti, si kwa petroli. Mafundi wale walijua walichokifanya, nami nawaheshimu.

Kilichobadilika ni petroli yenyewe. Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida huwa na ethanoli hadi asilimia 10, na Marekani mchanganyiko huo ulizoeleka mapema zaidi. Ethanoli ni spiriti! Kiungo kilichokaa kikavu miaka mingi kwa shelaki kinaanza kulowa, na hata boya la kabureta lililopakwa shelaki linachubuka, uchafu wake ukaziba jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Tena ethanoli huvuta maji, na maji yakikutana na sabuni unajua kinachofuata. Kwa petroli ya namna hiyo nunua kifungashio cha Viton, mpira wa viwandani unaostahimili ethanoli. Nitrili, mpira mwingine wa viwandani, inaivumilia vizuri petroli isiyochanganywa. Mpira wa asili usiuweke kabisa, unavimba. Sabuni ya babu iwe ya dharura, ya kukufikisha nyumbani.

Vipi silikoni ya tyubu?

Hapana. Petroli inaivimbisha, inabanduka.

Washa za shaba, vile vipete bapa vya kuzibia viungo, zinaweza kutumika tena?

Ndiyo, kama hazijapasuka. Shaba ikibanwa na kutikiswa muda mrefu hukakamaa, haikubali tena kulala vizuri mahali pake. Ipashe moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, itumbukize kwenye maji, sugua ule utando mweusi, italainika tena. Moto huo uwashe mbali na gari.

Kiungo cha tangi kilicholehemiwa kwa risasi kimeachia. Petroli nimeimwaga yote. Nilehemu hapohapo?

Usithubutu, nakuomba. Tangi lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki umeshachanganyika na hewa na unangoja cheche. Lifungue, lipeleke kwa fundi wa matangi aliyezoea kuliosha na kuufukuza mvuke wote kabla ya kuwasha chochote. Ukilirudisha, lijaze petroli kidogo kwanza, uweke karatasi kavu chini ya kila kiungo usiku kucha.