Mwanangu, hiyo miaka minne inakwenda wapi

Mwanangu,

Salamu zimefika, na swali lako nimelisoma. Unauliza, ikiwa shahada ya udaktari unayo na intanshipu umemaliza, Marekani wanataka miaka minne mingine ya nini ndipo wakuite bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu?

Mwaka wa kwanza ni wodi za magonjwa ya ndani karibu wote: moyo, figo, kisukari, maambukizi. Usiudharau. Mgonjwa wa kiharusi aliyenusurika siku za mwanzo anaweza kuuawa na nimonia, au na damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni.

Mitatu inayobaki ndiyo ya fani yenyewe, na ndani yake kuna angalau miezi 18 ya wagonjwa watu wazima, miezi 3 ya watoto na mwezi 1 wa magonjwa ya akili. Saa za kazi zisizidi 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne.

Kinachokula muda ni kujifunza kuuliza "wapi" kabla ya "nini". Daktari mgeni akimwona mtu aliyelegea miguu, hukimbilia jina la ugonjwa. Mkufunzi humkatiza: kasoro iko wapi? Ubongoni, kwenye ugwe mgongo (ule uzi wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo), kwenye neva, au kwenye msuli? Goti likiruka kupita kiasi unapoligonga na nyundo, na kidole gumba cha mguu kikapanda juu unapokwaruza unyayo, tafuta kwenye ugwe. Goti likiwa kimya na ganzi ilianzia vidoleni, shuka kwenye neva. Anayeruka hatua hii huagiza MRI ya kiuno kwa mgonjwa ambaye ugwe wake umebanwa kifuani. Picha hurudi safi, mgonjwa huruhusiwa, na miguu huenda isisimame tena.

Kiharusi nacho kina hesabu zake. Usiulize ndugu walimkuta saa ngapi. Uliza mara ya mwisho alionekana mzima ni lini. Aliyelala saa nne usiku akaamka amepooza saa kumi na mbili asubuhi, saa zake zinahesabiwa tangu saa nne. Pima sukari kwanza, maana sukari ikishuka huiga kiharusi vizuri mno. Picha ya CT ya kichwa ioneshe kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni, presha iwe chini ya 185/110, na saa 4.5 ziwe hazijapita. Dawa ya alteplase, inayoyeyusha damu iliyoganda, ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 90. Mtu wa kilo 70 hupata 63: 6.3 ndani ya dakika moja, na 56.7 kwa saa nzima. Hesabu hii utaifanya usiku, familia imekuzunguka, kwa hiyo mpime mgonjwa kwenye mizani. Kukisia uzito ndiko kunakoharibu dozi.

Kuchukua maji ya uti wa mgongo hushindikana zaidi kwa ulalaji kuliko kwa sindano. Bega la juu likiinamia mbele, mgongo umepinda na utagonga mfupa tu.

Kabla ya mtihani wa bodi, ule wa kukuthibitisha kuwa bingwa, wakufunzi lazima wakushuhudie ukimpima mgonjwa na kukupasisha mara 5, akiwemo mtoto mmoja na mgonjwa mmoja mahututi. Mimi naona hiki ndicho kipimo cha haki kuliko vyote.

Kwa aliyesomea nje, njia ni cheti cha ECFMG, shirika linalothibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, na mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya huko. Tangu 2022 Hatua ya 1 ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo macho yote yamehamia kwenye alama za Hatua ya 2. Maombi hutumwa Septemba, majibu hutoka Machi.

Jambo moja huwaponza wengi: kuna hospitali zinazotoa nafasi kuanzia mwaka wa pili, na ule wa kwanza unajitafutia kwingine. Ukipata huo wa pili ukakosa wa kwanza, huna pa kuanzia. Nitumie orodha yako ya hospitali tuipitie kabla hujalipa ada.

Baba yako