Usishindane na redio ya baba

Kama unaishi na mzazi ambaye taarifa ya habari ya saa mbili usiku ndiyo neno la mwisho, usishindane nayo. Utashindwa tu. Mimi nakaa na baba, na korona tuliipitia redio ikiwa katikati yetu.

Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alipotangaza mgonjwa wa kwanza Tanzania, ndoo ya kunawia ilikaa mlangoni na msimamizi alikuwa baba mwenyewe. Kisha takwimu zikagota: wagonjwa 509, vifo 21, basi. Mei 3 Rais Magufuli akasema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona, na Juni akatangaza kuwa maombi yameiondoa. Ndoo ikarudi jikoni.

Tangu hapo huwa naangalia tarehe kwanza. Takwimu za mwisho zilitoka lini? Kenya walikuwa wakitoa zao kila siku, zetu zilisimama palepale. Kilichokwisha ni taarifa, ugonjwa ulikuwepo. Baba sikumwambia hivyo. Mzee akihisi unampinga Rais, habari ya kikohozi haisikii tena. Nilimwambia barakoa itamkinga na vumbi la daladala, maana ana pumu. Akavaa.

Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu, mubashara. Baba, ambaye miezi michache nyuma chanjo kwake zilikuwa mambo ya wazungu, akauliza kituo kiko wapi. Hoja zangu zote hazikuhitajika! Redio ikisema la maana, mchukue mzee mwende siku hiyohiyo, na "si nilikwambia" umeze.

Kigumu ni pale wakubwa wanapopishana kauli. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna wanaohisiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera, ugonjwa wa virusi unaoua na kuambukizwa kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti. Wizara ikajibu kuwa vipimo havikuonyesha kitu. Januari 20 Rais mwenyewe, akiwa Dodoma na Dkt. Tedros, mkuu wa shirika hilo, akathibitisha mgonjwa mmoja. Katikati ya kauli hizo shangazi yangu wa Biharamulo, hukohuko Kagera, alinipigia kuuliza nani mkweli. Nilimwambia asioshe maiti kwa mikono mitupu, na mwenye homa apelekwe kituo cha afya asiuguziwe nyumbani. Maabara ingejibu vyovyote, hayo yasingemtia hasara.