Ha imepanda, Nusselt haisogei: usiifute programu yako bado

Mkuu, umesema programu yako inakokotoa joto linavyobebwa na kimiminika ndani ya boksi lenye mchanga na sumaku; umepandisha namba ya Hartmann (Ha, nguvu ya sumaku ikilinganishwa na mnato) kutoka 0 hadi 10, namba ya Darcy (Da, urahisi wa kimiminika kupenya mchanga) ukaiacha 10⁻⁴, na namba ya Nusselt (kipimo cha joto linalopita) imegoma kusogea, kwa hiyo unataka kufuta programu uanze upya. Usifute. Nilikwama hapo hapo nikisoma shahada ya pili, nikamaliza wiki sita natafuta kosa ambalo halikuwepo.

Kalamu na karatasi ndivyo vilivyoniokoa. Ndani ya mchanga kimiminika kinazuiwa na punje (μu/K) na sumaku (σB²u); μ ni mnato, u kasi, K upenyekaji wa mchanga, σ upitishaji umeme, B nguvu ya sumaku. Gawanya ya sumaku kwa ya punje: u inakatika, inabaki σB²K/μ, yaani Ha² × Da. Kwako ni 100 × 0.0001 = 0.01. Mchanga umeshakifunga breki kimiminika chako, sumaku inaongeza asilimia moja tu! Ha ikifika 100 ndipo nguvu zinalingana, na hapo utaona Nusselt inashuka.

Lakini Ha 100 utaitoa wapi? Maji ya bahari yana upitishaji umeme wa kama 5 S/m na mnato wa 0.001 Pa·s. Yaweke kwenye boksi la sentimita 10, sumaku ya tesla 1, ambayo si ndogo hata kidogo: Ha ni 7. Zebaki kwenye boksi hilo hilo inapita 2,000.

Na kama chako ni mafuta yenye chembe za magnetaiti (oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku), aina aliyobuni Steve Papell wa NASA mwaka 1963, achana na kani ya Lorentz, ile ya sumaku kuzuia kimiminika kinachopitisha umeme. Mafuta hayo karibu hayapitishi umeme. Zinazovutwa ni chembe zenyewe, kuelekea uga wa sumaku ulipo mkali zaidi, na hiyo ni kani nyingine yenye mlinganyo wake. Inaniuma kuona watu wakizichanganya.

Kabla ya yote, ipime programu: zima sumaku, ondoa mchanga, weka hewa (namba ya Prandtl, Pr, yaani mnato ukilinganishwa na usambaaji wa joto, 0.71) kwenye boksi la mraba lenye ukuta mmoja wa moto na wa pili wa baridi, namba ya Rayleigh (Ra, nguvu ya joto kusukuma hewa) 10⁶. Nusselt ya wastani iwe karibu 8.8, kama alivyopata mtafiti de Vahl Davis mwaka 1983. Usiridhike kwamba ukuta wa moto na wa baridi zinatoa namba sawa. Kwa ulinganifu wa boksi zitalingana hata ukikosea. Linganisha ukuta na mstari wima wa katikati, ambako joto lilelile linapaswa kupita. Gridi yangu ya nukta 41 × 41 za kukokotolea ilifeli hapo, mpaka nilipobananisha nukta karibu na kuta.

Weka hapa namba zako mbili, ya ukutani na ya katikati, tuzitazame.