Kwa wanaoanza kazi ya mikataba: lisomeni faili la Panama kuanzia nyuma

Vijana wapya wanapoletwa kwenye dawati letu la mikataba, kazi ya kwanza ninayowapa ni kusoma jinsi Marekani ilivyoukabidhi Mfereji wa Panama. Wengi huanzia kwenye sherehe ya tarehe 14 Desemba 1999, Rais Mireya Moscoso wa Panama akiwa pamoja na Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, na hapo ndipo wanapopotea njia, kwa sababu siku ya sherehe ndiyo siku ambayo mwanadiplomasia hana kazi tena.

Anzeni na mkataba wa tarehe 18 Novemba 1903. Kwa upande wa Panama ulitiwa saini na Philippe Bunau-Varilla, ambaye alikuwa Mfaransa, na hapakuwa na Mpanama hata mmoja mezani. Marekani ilipewa ukanda wa maili 10 kwa upana, milele, ikiwa na mamlaka ambayo ingekuwa nayo kama yenyewe ndiyo ingekuwa mwenye nchi. Lisomeni hilo neno "kama" mara mbili. Wapanama waliling'ang'ania kwa miongo kadhaa, wakihoji kwamba anayepewa mamlaka kama mwenye nchi si mwenye nchi, na kwamba milki yenyewe haikutoka mikononi mwao. Mkiwa mnaandika rasimu, msidharau neno dogo ambalo upande wa pili umeliacha lipite kwa haraka.

Hoja hiyo peke yake isingetosha. Mnamo Januari 1964 ugomvi wa kupandisha bendera ya Panama ndani ya ukanda huo ulizaa ghasia zilizoua Wapanama zaidi ya 20 na wanajeshi kadhaa wa Marekani, na Panama ikavunja uhusiano wa kibalozi kwa muda. Mwaka 1973 serikali ya Omar Torrijos, mtawala wa Panama, ilifanikiwa kulileta Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likutane katika Jiji la Panama. Azimio la kutaka mkataba mpya lilipata kura 13, Kenya ikiwa miongoni mwa waliounga mkono, Uingereza ikajizuia, nayo Marekani ikatumia kura ya turufu. Kwenye karatasi Panama ilishindwa. Hata hivyo, Februari mwaka uliofuata Henry Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikwenda Panama kusaini pamoja na mwenzake Juan Antonio Tack kanuni nane za majadiliano, ambazo zilikubali kwamba habari ya "milele" ifutwe.

Sasa fikeni mwaka 1977, ambao ningependa mkae nao kwa muda mrefu kuliko mingine. Sol Linowitz, aliyeungana na Balozi Ellsworth Bunker kuwa wajumbe wa Marekani, aliteuliwa kwa miezi sita tu, na makubaliano yalitangazwa tarehe 10 Agosti, siku ambayo muda wake ulikuwa unakwisha. Ustadi mkubwa wa wajumbe hao ulikuwa kuyagawa mambo katika mikataba miwili. Mmoja ulihusu uendeshaji na milki, nao ulikuwa na kikomo: adhuhuri ya tarehe 31 Desemba 1999. Wa pili ulihusu mfereji kutoegemea upande wowote, nao hauna kikomo. Kwa mpango huo Torrijos aliweza kuwaambia watu wake kwamba mgeni ana tarehe ya kuondoka, na Carter, aliyekuwa rais wa Marekani wakati huo, naye akawaambia wake kwamba njia ya meli zao haitafungwa.

Hatari ya mpango wa namna hiyo ni kwamba kila upande huenda nyumbani na tafsiri yake. Wino ulikuwa haujakauka vizuri pale wajumbe wa Panama walipoanza kusema kwamba Marekani haina haki ya kuingilia, wakati Washington ilikuwa ikieleza jambo lingine. Ikabidi Carter na Torrijos watoe tamko la pamoja tarehe 14 Oktoba 1977, siku tisa kabla ya kura ya maoni nchini Panama, kueleza kwamba kuulinda mfereji si kuingilia mambo ya ndani ya nchi. Mimi mwenyewe, nikiwa mgeni kazini, niliwahi kuandaa taarifa ya pamoja ambayo nilijivunia ulaini wake, kumbe kila mji mkuu uliisoma kivyake na tukatumia wiki nyingi kuzima moto. Tangu hapo, kabla ya kuridhika na sentensi, hujiuliza itasikikaje ikisomwa bungeni kwa mwenzangu.

Ili kuiridhia mikataba hiyo, Seneti ya Marekani ilihitaji kura 67, na mikataba yote miwili ilipata 68 kwa 32, mwezi Machi na Aprili 1978. Ili kupata kura hizo lilikubaliwa sharti la Seneta Dennis DeConcini lililotaja matumizi ya nguvu za kijeshi kuufungua mfereji ukifungwa. Panama ilikasirika, na katika mkataba wa uendeshaji, uliopigiwa kura Aprili, ikaongezwa kauli ya kukana nia ya kuingilia.

Kisha ukafuata mpito wa miaka 20, ambao ndio uliofanya makabidhiano yawe ya kweli. Kuanzia Oktoba 1979 mfereji uliendeshwa na tume yenye wajumbe watano wa Marekani na wanne wa Panama. Msimamizi mkuu alikuwa Mmarekani hadi 1990, kisha Mpanama. Marubani wa Kipanama, kwa maana ile ya pwani yetu ya mtu anayepanda melini kuiongoza mahali pembamba, walifunzwa kidogo kidogo. Majeshi ya Marekani yaliivamia nchi hiyo Desemba 1989, na bado tarehe ya makabidhiano haikusogezwa.

Januari 2025, Rais Donald Trump alitangaza katika hotuba ya kuapishwa kwake kwamba Marekani itauchukua tena mfereji huo. Kwa kikao chetu kijacho, njooni mkiwa mmesoma kifungu cha nne cha mkataba usio na kikomo, sharti la DeConcini na kauli iliyoongezwa Aprili, mkiwa tayari kumjibu waziri atakayeuliza ni nini hasa Panama ilikubali.